Vidole vya Mama Mlangoni

Nimerudi Kawangware na diploma ya mafundisho ya Ubuddha, niliyoilipia kwa jasho langu ughaibuni, na sijaona hapa anayeyafafanua maneno yake kama mimi. Dukkha ni mateso. Anicca ni kutodumu. Upadana ni kung'ang'ania. Jana darasani kijiti cha ubani kiliunguza pazia kidogo, na harufu ile ikanikatiza nikiwa kwenye neno la tatu.

Nikiwa mtoto, moto ulikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu, kule Lindi, mtaa wa mabanda tulikoishi wakati huo, mchana. Gari la zimamoto haliingii vichochoro vile, kwa hiyo watu huvunja nyumba ambayo bado haijashika, ili moto ukose njia. Walichagua yetu. Mama akakumbatia nguzo ya mlango.

“Mathe, toka. Tukiacha hii yako, laini yote inaisha,” alisema jirani mwenye nyundo.

“Anza na yako.”

“Yangu iko nyuma ya hii. Unadhani nitaipeleka wapi?”

Kisha akanigeukia. “Wewe ndiye mkubwa. Mtoe mama yako hapo.”

Nilivifungua vidole vyake kimoja kimoja. Vilikuwa bado na unga, na kila nilichokifungua kilirudi. Nilipomuuma kidole gumba ndipo akaachilia.

Nyumba ilianguka mara moja. Halafu upepo ukageuka, moto ukaelekea mtoni ukazimikia huko. Nyumba tatu zilizokuwa kati yetu na moto zilibaki zimesimama. Mama aliketi juu ya mabati yetu, ameshika kile kidole, akinitazama.