Meli Iliyokataa Kupinda Port Bell

Kapteni Opio alipokamatwa, mimi ndiye niliyekuwa nimewahi kupima jinsi meli yake inavyogeuka. Ndiyo maana nilifunga safari ya Kampala, wakati wenzangu wote wa Kisumu walikuwa wakitafuta kila kisingizio cha kutokwenda huko, kwa hofu ya wanajeshi waliokuwa wakitawala.

Mimi ni mhandisi, na kazi yangu ni kuchora meli. Opio alikuwa nahodha wa kivuko kinachobeba mabehewa ya treni kutoka Kisumu hadi Port Bell, nami nilikuwa nimekichongea mfano wa mbao wenye urefu wa mita moja, mota ndogo ya betri na usukani wake. Sasa kivuko chenyewe, kikiwa kimejaa saruji ya jeshi, kilishindwa kupinda kuingia bandarini. Kiligonga gati, na behewa moja likatumbukia ziwani. Wanajeshi wakasema nahodha amefanya makusudi. Mkewe, Mama Akello, akanitumia kutoka Kampala telegramu ya maneno matatu: NJOO NA HESABU.

Nilipitia Nairobi kwanza, kwenye chuo kikuu, ambako kompyuta ilijaza chumba kizima. Siku mbili nilikaa nikitoboa kadi ili kuiuliza mashine ile swali moja tu: maji yanapitaje chini ya meli hii kina kinapopungua? Mvua zilikuwa zimechelewa na ziwa limeshuka. Jibu lilitoka kwenye karatasi ndefu kama kitambaa cha dukani. Pale bandarini, meli ikiwa na mzigo kamili, duara lake la kugeuka lingepanuka karibu mara mbili. Hakuna nahodha ambaye angeipindisha. Nililala vizuri usiku ule, maana sikuwa nakwenda kuomba huruma.

Busia, mpakani, tulifika kwa basi asubuhi, tukashushwa. Askari alilitazama sanduku langu refu.

"Fungua. Hii maiti ya nani?"

"Si maiti, afande. Ni meli."

Akachungulia, akacheka hadi akamwita mwenzake. "Kuja ona! Meli nakwenda kwa barabara!" Waliirudisha sandukuni kwa uangalifu kabisa, kisha wakachukua sabuni yangu na sukari yote. Kwenye daraja la Jinja tulishushwa tena. Abiria mmoja hakurudi kwenye basi, na dereva akaondoka bila kuuliza.

Luzira, mtaa wa Kampala ulio jirani na Port Bell, alasiri. Mama Akello alinipokea kwa mboga chachu ya malakwang na viazi vitamu, akakaa mbele yangu bila kula.

"Shemeji, wamemfungia kwa ofisi ya bandari. Wakimtoa pale kumpeleka kwingine, mimi sitamwona tena."

"Nani anaamua?"

"Meja mmoja, anakaa Mbuya. Nimekwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia kuna mhandisi anakuja na meli yenyewe ndani ya sanduku. Akasema, basi alete."

"Hukuogopa?"

"Nimeogopa. Lakini nimekwenda."

Mbuya, saa mbili asubuhi. Nyumba ya Meja ilikuwa ya Mhindi aliyefukuzwa nchini. Meja, mtu mnene mwenye sauti ya chini, aliishika karatasi yangu ya kompyuta kwa vidole viwili.

"Hii nani naandika? Wazungu?"

"Mashine, afande. Lakini maswali ni yangu."

"Mashine haiwezi kunidanganya, lakini wewe unaweza." Akaitupa mezani.

Dirishani niliona bwawa la kuogelea, maji yake ya kijani yamepungua hadi katikati. Upande mmoja kina kilimfika mtu magotini, na upande wa pili, ambako sakafu ilikuwa karibu tambarare, yalibaki maji ya vidole vitano.

"Afande, usiniamini mimi. Iendeshe mwenyewe."

Akaliangalia bwawa, akaliangalia sanduku langu. Kisha akatuma gari Port Bell kumleta Opio, "ili aone uongo wake."

Walimleta amekonda, shati halina vifungo, jicho moja limevimba. Hatukuruhusiwa kusalimiana. Niliipakia meli vipande vya madini ya risasi mpaka ikazama kama ile kubwa ilipojaa saruji, nikapunguza mota ili mwendo ulingane, nikageuza usukani hadi mwisho wake na kuufunga hapo. Upande wa kina kirefu nilipanga matofali kuwa gati, kwa vipimo vya ramani ya bandari. Meja akavua buti, akakunja suruali, akaingia majini, akaiachia meli.

Ilipinda vizuri, ikayapita matofali bila kuyagusa.

"Ona!" Meja akamgeukia Opio. "Meli inapinda! Wewe ndiyo ulikataa!"

Opio aliinamisha kichwa. Niliyahamisha matofali upande wa maji machache, vipimo vilevile.

"Sasa hapa, afande. Port Bell iko hivi."

Aliiachia. Meli ilianza kugeuka, kisha ikawa kama inayoburuta kitu kizito, ikaenda mbele, mbele zaidi, ikayagonga matofali kwa omo, ncha yake ya mbele. Meja aliifuata pale. Akairudisha, akaukagua usukani kwa mkono wake, akaiachia tena. Ikagonga palepale. Mara ya tatu aliinama mpaka uso ukakaribia maji.

"Kwa nini?"

"Maji hayana nafasi ya kupita chini ya tumbo lake. Lazima yazunguke, na yanaikataza kwenda upande."

"Na nahodha angefanya nini?"

"Kurudisha injini nyuma."

"Nilirudisha," Opio alisema. Ndiyo maneno yake ya kwanza. "Iko kwa kitabu cha meli, afande. Hakuna aliyesoma."

Meja alitoka majini, akavaa buti taratibu. "Kesho inafika shehena nyingine kutoka Kisumu, meli ileile, msaidizi wa Opio anaileta. Opio ataingiza. Na wewe utakaa kando yake. Ikigonga, nitajua la kufanya na nyinyi wawili."

Port Bell, adhuhuri ya siku iliyofuata. Tulipelekwa kwa mashua hadi kwenye kivuko kikiwa bado kwenye maji mengi. Nilimwonyesha Opio kwenye ramani mahali pa kuanza kupinda, mapema zaidi kuliko alivyozoea.

"Hapa? Tutaonekana tumelewa."

"Hapa."

Akazungusha usukani. Gati ilikuwa mbali bado, na mabaharia wakatazamana. Kisha omo likaanza kusogea, polepole, bila haraka yoyote, na meli nzima ikalala kando ya gati kwa upole kiasi kwamba kamba zilitupwa kwa mkono. Meja alikuwa amesimama pale na Mama Akello. Alimwambia mama maneno machache, akapanda gari lake.

"Amesemaje?" Opio aliuliza tulipotelemka.

"Amesema uendelee na kazi," Mama Akello akajibu.

Jioni ileile meli ilirudi Kisumu na mabehewa matupu, nami nikiwa ndani. Mama Akello alipanda pia, kumsindikiza mumewe, amebeba kapu dogo tu. Hakuna aliyemwuliza kitu. Tulipofika Kisumu, Opio alimkabidhi msaidizi wake kitabu cha meli, akamshika mkewe mkono, na hawakurudi tena Kampala.

Siku hizi nafundisha, na wanafunzi wangu huniuliza kama nilijua tutafaulu. Nilijua meli ingefanya nini. Meja sikumjua hata kidogo. Jambo nililojifunza ni kwamba jibu langu lilikuwa sahihi tangu Nairobi, na lisingemsaidia Opio kitu chochote kama mtu yule asingekubali kuvua buti.