Ukoko wa Longonot

Mume wangu alinipeleka Longonot siku ya Iddi pili, mwaka wa pili wa ndoa yetu, na mimi mjinga nikajipamba. Alikuwa dereva wa lori la mahindi hapo Nakuru, na mtaa wa vyakula wa huko Longonot alikuwa amenisifia mpaka masikio yakachoka: ni wa zamani, tangu reli inajengwa, vibanda vimepangana chini ya mlima, na wageni wanaokuja kuupanda hawaondoki bila kula. Na mimi nilitaka siku moja niseme nimekula Longonot.

Kweli, jamani, palikuwa na mambo. Baridi ya asubuhi haijatoka, moshi wa nyama umetanda, sambusa zinachemka kwenye mafuta, wazungu wenye buti za mlimani wamekaa garini wanamtuma boi awanunulie. Nikataka tusimame kila kibanda. Mume wangu hakuangalia kushoto wala kulia. Alinyoosha moja kwa moja kwa mwanamke mmoja muuza pilau, amejifunga leso mpya, macho yametiwa wanja. Wanja mbele ya jiko la kuni! Nikasema moyoni, haya, makubwa haya.

"Karibu, mzee," akamwambia mume wangu. Mimi akanichekea kwa upande wa mdomo. Hakumwuliza anakula nini. Alimpakulia pilau, kisha akainama, akakwangua chini ya sufuria, akamwekea juu ya sahani kipande cha ukoko kikubwa kama kiganja.

Hapo damu ikanichemka. Pilau huuzwa, ukoko hauuzwi. Ukoko unamkwangulia mtoto wako, mama yako, mumeo. Mama yangu alikuwa akiufunika kando, ole wako uuguse kabla baba hajarudi. Na huyu wangu nyumbani aliniambia hawezi ukoko, meno yanamuuma! Pale aliutafuna mpaka watu wa kibanda cha pili wakasikia.

"Meno yamepona lini?" nikamwuliza.

Nikaivuta sahani yake, nikaula ukoko uliobaki huku nikimtazama yule mwanamke usoni. Ulikuwa mtamu, wallahi. Mdalasini umeingia, haujaungua hata chembe. Wangu mimi haujawahi kutoka hivyo.

"Kula polepole, dada," akacheka. "Upo mwingine."

"Huo mwingine mpe mumeo. Huyu ana mkewe."

Watu wakaangua kicheko, muuza sambusa akapiga makofi. Nikajua nimemweza. Nikaweka buibui langu sawa, nikamwambia mume wangu, inuka twende zetu.

Akainuka bila ubishi. Akanawa mikono, yule mwanamke amemshikia birika, akajifuta, halafu akasema, kwa mazoea tu, kama mtu anayeaga kwake:

"Haya, mpaka Ijumaa."

Kicheko kikakatika. Ijumaa ndiyo siku aliyoniambia kila wiki analala Rongai, akingoja kupakia mahindi.