Nani Kakutuma Salamu za Maiti?

Nnaikumbuka siku moja ya baridi ya kukata masikio, mwanangu Salim. Nimesimama kwenye gati ya kambi ya nyambizi huko Uingereza, na mbele yangu mwanamme mzima, mabega kama mlango, kapiga magoti juu ya saruji analia kwa sauti. Nlikuwa bibi harusi mbichi, hata vifungo vya koti lao sijajua kuvifunga. Miaka yote hii nilidhani kilio kile nshakisahau. Kumbe jana, sebuleni kwenu hapa Al Khuwair, kimenirudia kama kilivyokuwa.

Kaa kwanza. Usiangalie saa. Kahawa ipo, tende zipo, na hao waliokuja kukupa mkono watakungoja.

Jana baada ya laasiri nyumba ilijaa wanawake, tunamsomea mama yako. Simu yako ikalia. Ukatoka chumbani mbio, ukatupungia mkono tunyamaze. Tukanyamaza, mimi nikidhani ni mkubwa wako wa ofisini. Nyumba nzima kimya, misahafu mapajani, hata yule binti wa Kiganda anayetusaidia jikoni kasimama na dele la kahawa mkononi, hamimini. Ndipo nikakusikia unamwambia dada yako: "Mama mzima, Raya. Kameza dawa zake, kalala. Anakusalimu sana."

Lahaula! Zuhura anakusalimu? Zuhura tuliyemzika Ijumaa? Mdogo wangu niliyemwosha kwa mikono yangu hii, nikamfunga sanda, anatuma salamu ng'ambo? Nilidhani Raya keshaambiwa, kakosa ndege tu masikini. Kumbe mtoto hajui kuwa hana mama! Na sisi, wanawake wazima, tumekaa tumeziba pumzi kukusaidia kumdanganya.

Sikukwambia kitu mbele ya watu. Mtu mzima haumbuliwi mbele ya majirani. Nilikubana mlangoni walipotawanyika, ukanijibu: "Mama Mkubwa, ana mtihani wake wa mwisho wa udaktari. Nikimwambia ataanguka. Huu si uongo, ni huruma." Na wajomba zako wameafiki, nimeambiwa. Najua desturi yetu, usinifundishe. Sisi tuliotoka Unguja ndivyo tulivyo: msafiri haambiwi msiba, hungojwa afike, apewe maji, akalishwe kitako. Sasa sikiliza kilichonikuta mimi huko, halafu ndipo uniambie khabari ya huruma.

Marehemu mume wangu alipelekwa Uingereza na serikali kusomea injini za meli. Tukapanga nyumba katika mji wa bandari, na ng'ambo ya maji ndiyo kambi. Ghawwasa, Waarabu wa hapa wanavyoziita nyambizi: meli ya chuma inayozama kwa makusudi na watu wazima ndani yake, ikakaa huko chini hata miezi. Nilipoziona zinatoka, nyeusi, zimelala juu ya maji, nikisoma Ayatul Kursi, na mume wangu akinicheka.

Jirani yetu alikuwa mwanamke jina lake Doreen. Mwema, wallahi, ndiye aliyenifundisha kuwasha jiko lao bila kuchoma nyumba. Mumewe, Alan, alikuwa baharia wa nyambizi. Baba yake Alan, Mzee Harold, keshastaafu, lakini ujana wake wote kaumaliza kambini pale pale. Akija kunywa chai, khabari zake ni za kambi tu. Kuuliza nikiuliza kidogo, zaidi nikisikiliza.

Akasema zamani nyambizi zilipoanza, wakubwa wa manowari walizidharau. Vita vya kujificha, wakisema, si vya waungwana. Mabaharia wa nyambizi hawakujengewa hata nyumba. Walilazwa ndani ya jahazi la zamani lililooza, limefungwa kwenye kijito. Walinuka mafuta, hata mkate wao ulinuka mafuta, na wake zao wakianika nguo zao mbali na za watoto. Vikaja vita vikuu, mara ya kwanza na ya pili, na hao hao waliodharauliwa ndio waliotumwa kuvizia meli za adui. Wengi walitoka pale hawakurudi. Hawana kaburi. Wana majina yao tu, yamechongwa ukutani katika kanisa dogo la kambi. Baada yake ukajengwa mnara mrefu uliojazwa maji, na kila baharia akashushwa chini kabisa ya maji yale ajifunze kutoka akiwa hai, chombo chake kikizama. Nilipooneshwa mnara ule kwa mbali, nikasoma Ayatul Kursi tena.

"Na siku hizi hakuna vita," nikamuuliza, "wanakwenda kufanya nini?"

"Kutojulikana walipo," akanijibu. "Adui akijua wapo, na hajui wapi, anatulia. Hiyo ndiyo kazi yote."

Kwa hivyo wakishazama hawatumi neno. Neno moja likitoka, limewafichua walipo. Khabari huingia tu. Kila wiki mke alipewa nafasi ya kumwandikia mumewe maneno machache, kambi ikayapeleka kwa mitambo. Lakini kwanza yasomwe. Khabari mbaya hukatwa, kwa sababu mtu aliyefungiwa chini ya bahari, kazi yake imeshika roho za wenzake, ukimtia msiba kifuani atakwenda nao wapi? Na kabla hajaondoka huulizwa mwenyewe, uso kwa uso: ukifiwa, tukwambie au tungoje urudi? Alan alisema ngojeni.

Hilo liweke akilini. Aliulizwa.

Alan alipokuwa chini, mama yake, mkewe Mzee Harold, akafa. Moyo tu, asubuhi, anamwaga maji ya maua. Tulikwenda kuzika, mimi na mume wangu, tumesimama nyuma kwenye baridi hatujui dua zao. Kambi ikaarifiwa, na kambi ikanyamaza, kama Alan alivyotaka. Mpaka hapo hakuna aliyemkosea mtu.

Wiki ile Doreen akakaa mezani kwangu kuandika maneno yake. Aliandika mtoto kaota meno, akaandika paa limetengenezwa, kisha akalia. Alan kila mara alikuwa akipata salamu za mama yake. Akikosa, si atajua? Basi akaandika: mama anakusalimu, anasema uvae sweta. Akanisomea, mimi nikashika mdomo. Yule wa kambini aliyekagua alikuwa anatafuta khabari mbaya, na salamu si khabari mbaya. Ikapita. Wiki ya pili akaandika tena, na ya tatu. Uongo haukubali kukaa peke yake, mwanangu, huita ndugu zake.

Meli ikarudi. Wake na watoto tumejipanga gatini, Mzee Harold yupo, mimi nimemsindikiza Doreen, bendera, bendi inapiga. Wakatoka wanaume weupe kama karatasi, macho wameyafinya kwa jua. Alan akatoka na kifurushi mkononi: kijisanduku cha mbao alichokichonga huko chini, cha kutilia sindano za mama yake. Mkubwa wake akamwita pembeni, akamwambia. Nlimwona akitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa upuuzi. Akatia mkono mfukoni akatoa karatasi za Doreen, kazikunjua moja moja mpaka akaipata. "Hapana," akasema, "mama kasema nivae sweta." Na sweta alikuwa kalivaa, Salim! Kalivaa pale pale, mbele ya macho yetu! Akaangalia tarehe, akamwangalia mkewe, ndipo akapiga magoti juu ya saruji, akalia kwa sauti.

Doreen anamshika, yeye anamtoa mikono.

Nilidhani Mzee Harold atamtetea mkwewe. Mwanamke kafanya kwa mapenzi, sote tunajua. Yule mzee akamwendea taratibu, hakupaza sauti, akamwambia:

"Kunyamaza alituruhusu. Salamu za maiti nani kakutuma?"

Doreen akainama, akaziokota karatasi zake moja moja. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, na ile ya kwanza iliandikwa mezani kwangu.

Hawakuachana, la. Lakini tuliishi ukuta mmoja mpaka mume wangu alipomaliza masomo, na niliyaona. Doreen akisema mtoto kalala, Alan alikwenda kumtazama. Akisema mlango nshafunga, alikwenda kuushika. Hata akiambiwa chai tayari, alichungulia birika. Hakuwa na ubaya naye. Kuamini tu ndiko kulikomtoka, na hakukurudi. Kambi yenyewe imeshafungwa, nasikia. Nyambizi zimehamishiwa kwengine na pale pamefanywa makumbusho, watoto wanaingia kutazama vitanda vya mabaharia. Yale ya gatini hayamo katika makumbusho yoyote. Ninayo mimi.

Sasa nikwambie wewe. Kumngojea mtu mpaka awe tayari kusikia, hiyo ni adabu, wala siitupi desturi ya wazee wangu. Lakini Raya nani kamuuliza? Nani alikaa naye akamwambia, mama anaumwa sana, likitokea la kutokea tukwambie au tungoje? Hakuna. Mmemkatia shauri nyinyi, wewe na wajomba zako, mkinywa kahawa. Na hata kunyamaza hamkunyamaza: mmemsemesha Zuhura akiwa kaburini. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Choma udi nyumba nzima, ukimaliza harufu iko pale pale. Unadhani unamwokolea mtihani wake. Atafaulu, inshaallah, atakuwa daktari, na atakumbuka kuwa alikuwa akisoma vitabu vya kuponya watu wakati mama yake yuko udongoni na kaka yake anamletea salamu. Baba yenu hayupo, mama yenu hayupo. Duniani kabaki na wewe tu wa tumbo moja. Ukimvunjia imani yako, atamwamini nani?

Angalia simu yangu. Asubuhi hii kaniletea sauti. Sikiliza, usigeuze uso: "Mama Mkubwa, nipo dukani. Nataka nimnunulie mama shali ya baridi, ya kufunikia ile miguu yake inayomuuma. Anapenda rangi gani siku hizi? Usimwambie lakini, nataka kumshtua."

Umesikia? Kijisanduku cha sindano hicho, mwanangu. Kile kile. Sijamjibu. Siwezi, na sitaki umri wangu huu nijifunze kusema uongo kwa sababu yako.

Futa machozi. Mpigie sasa hivi, mimi nimekaa hapa ubavuni mwako. Muulize kwanza kama yuko na mtu, muombe akae kitako. Kisha mwambie mama kafariki, siku gani, nani alimwosha, na kuwa roho ilimtoka akilitaja jina lake yeye Raya. Mwambie na lile la jana pia, kuwa ulimdanganya. Asije akaligundua mwenyewe. Akilia, muache alie, usimkatize. Akikutukana, pokea. Akitaka kurudi, tutamkatia tikiti. Akitaka kukaa amalize mtihani wake, basi kachagua yeye, kama Alan. Kweli iliyo uchungu si uongo ulio mtamu.

Na nyinyi wengine mlio mlangoni mnaojifanya mnapanga vikombe, nawasikia, ingieni. Na nyinyi yawafae.

Mwenyezi Mungu ampe mama yako kauli thabiti, aipanue nyumba yake ya milele. Na wewe akupe ulimi ambao dada yako hatahitaji kwenda kuuhakikisha. Amin.

Haya, bonyeza. Inaita.