Walii wa Zubeda

Hasanmiya Solkar alikuwa sarahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani, na kama hujawahi kufanya kazi chini ya sarahangi wa pwani yetu ya Ratnagiri basi mshukuru Mungu kwa masikio yako. Baba yake alikuwa sarahangi, na babu yake vilevile. Kijijini kwetu mtoto wa kiume akichelewa kutembea hatumkimbizi kwa daktari. Tunasema huyu anangoja sitaha. Makapteni hutoka vyuoni na vyeti vya kutundika ukutani, lakini wakitaka meli ifungwe gatini bila mtu kukatwa mguu na kamba, humwita mtu wa kwetu. Sijigambi. Haya, najigamba kidogo.

Alikuwa mfupi, mpana kama mlango wa ghala, ndevu zake zimepakwa hina, na alipopiga mluzi kwa vidole viwili hata kunguru wa bandarini walisimama sawasawa. Sifa yake kubwa ilikuwa kumaliza kazi kabla hajaagizwa. Ndiyo iliyomponza.

Sheria ya meli inayotoka bandarini ni kwamba nanga zikae huru mpaka bahari kuu, ili likizuka la kuzuka zimwagwe mara moja. Lakini huko bahari kuu mawimbi huruka hadi omoni, mbele kabisa ya meli, na mtu anayeinama kuikaza nanga kwa waya wa chuma anaweza kuzolewa kama ganda la karanga. Kwa hiyo masarahangi wa kwetu huzikaza mapema, maji yakiwa bado matulivu, kisha hukaa kimya mpaka amri itoke, nao hujibu, “Tayari, bwana,” kama waliofanya muujiza. Makapteni wanajua. Wanatazama pembeni.

Asubuhi ile walikuwa wakitoka katika bandari moja ya Marekani, meli imesheheni makontena, ukungu umelala juu ya maji. Hasanmiya alikuwa omoni na Kayetan, baharia wa Goa mwenye mdomo usiojua likizo. Zubeda, binti pekee wa Hasanmiya, alikuwa anaolewa baada ya Idi, na baba mtu alikuwa ashuke bandari inayofuata apande ndege. Kayetan alimtazama anavyoukaza waya akamwambia, “Sarahangi, hiyo ni nanga, si sanduku la bibi harusi. Hakuna atakayeiiba.” Hasanmiya akamwambia akaze upande wake na afunge na mdomo.

Walikuwa wameshamaliza nanga ya kushoto umeme ulipozimika. Taa zilikufa, mashine ikanyamaza, na meli yenye uzito wa kijiji kizima ikawa gogo linaloelea. Mbele yao daraja lilitoka ukunguni, kubwa, magari yakipita juu yake kama sisimizi waendao harusini. Redio ikapiga kelele: mwaga nanga ya kushoto.

Waya ulikuwa umekazwa na mtu anayejua kukaza. Walipigana nao kwa nyundo na kwa mikono na kwa majina ya Mungu, kila mmoja kwa dini yake. Ulipoachia, nanga ikaenda kwa kishindo, mnyororo ukatoa moshi wa kutu, lakini meli haikugeuza hata shingo. Ikaiparamia nguzo, magari yakiwa yameshazuiwa kwa bahati. Daraja halikuvunjika kama ukuta. Lilikunjika, pole pole, kama mkeka. Kwenye ukingo wake kulikuwa na mafundi wawili waliokuwa wakipaka rangi. Mmoja alikuwa ameinua mkono. Hasanmiya hakujua kama alikuwa anaomba msaada au anawasalimu tu wenye meli, kama watu wa madarajani wanavyofanya.

Wale mafundi walizikwa. Meli ikabaki pale pale, chuma cha daraja kimeilalia kifuani, na mabaharia ndani yake, hawana ruhusa ya kukanyaga nchi. Simu zao zilichukuliwa. Walikula wali na samaki wa barafu, wakatazama mji ng’ambo ukiwasha taa na kuzizima, mji ambao watu wake sasa walikuwa wakizunguka mbali sana kwenda kazini na kuwalaani.

Kisha wakaja wachunguzi, wakiongozwa na mama mmoja wa nywele nyeupe, mpole kama mkunga. Walimwapisha Hasanmiya, wakamuuliza kama nanga ilikuwa huru amri ilipotoka. Akasema ilikuwa huru. Waya mwenyewe ulikuwa umeshalala chini ya chuma kilichoanguka, hauwezi kutoa ushahidi. Baada yake akaapishwa Kayetan, baba wa watoto wadogo, naye akasema alichosema sarahangi wake.

Mabaharia wote walimwambia kwamba nanga ile hata ingekuwa huru tangu juzi isingezuia mzigo ule. Huenda ni kweli. Mimi mwenyewe ningesema hivyo. Lakini kwa kuwa hakuna aliyejua kwa hakika, yeye ndiye aliyelala na jambo hilo, akaamka nalo, akanywa nalo chai.

Siku za harusi zikakaribia. Mzee Harlan, wa nyumba ya kuhudumia mabaharia kule mjini, alikuja na mashua, ameleta kofia za sufu na simu yake mwenyewe, ili kila mtu azungumze na kwao. Mumtaz, mkewe Hasanmiya, alimpa habari kwa furaha: kadhi amesema asihangaike, sauti ya baba kwenye simu inatosha, ataje wakili wa kumwoza binti kwa niaba yake na mambo yaishe. Kila mtu melini akampongeza. Kayetan akaomba atumiwe biriani kwa upepo.

Hasanmiya hakufurahi. Sisi ni Mashafii, na hata mtoro wa madrasa kama yeye alikuwa amechapwa vya kutosha kulijua hili: walii wa ndoa, yule mwenye haki ya kumwoza binti, sharti awe mwadilifu. Aliyeapa uongo si mwadilifu, uwalii humtoka ukaenda kwa anayefuata. Na asiye na uwalii atampa wakili kitu gani? Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini binti yake angelala na mwanamume, angezaa, na yeye peke yake duniani angekuwa anajiuliza kama ile ilikuwa ndoa.

Zubeda hakuwa na babu wala kaka. Aliyefuata alikuwa Abdulgani, kaka mkubwa wa Hasanmiya, aliyeukata mfenesi wa mama yao apanue ua, mdogo wake akiwa baharini. Kwa ajili ya mfenesi ule Hasanmiya alisimama mbele ya msikiti akatangaza kwamba Abdulgani asikanyage kizingiti chake, hata siku ya harusi ya Zubeda. Sisi Wakonkani tukinuna tunanuna mpaka kaburini, na huko tunaomba tulazwe mbali.

Akaazima simu ya Mzee Harlan.

“Kaka, ni Hasan.”

Abdulgani akauliza, “Mpaka daraja likuangukie ndipo ukumbuke una kaka?”

“Nataka Zubeda umwoze wewe.”

“Kama wakili wako?”

“Hapana. Kwa uwalii wako mwenyewe.”

Abdulgani naye alikuwa amechapwa katika madrasa ile ile. Akaelewa, na aliposema tena sauti yake haikuwa na ugomvi ndani yake.

“Hasan. Umefanya nini?”

“Usiniulize, kaka.”

“Toba ipo.”

“Toba ya hili mlango wake ni kwa yule mama wa maswali. Nikiingia, kuna mtu mwingine naingia naye, na ana watoto.”

Abdulgani akapumua. Akauliza, “Watu wakitaka kujua, niwaambie nini?”

“Waambie tumepatana.”

“Kwani tumepatana?”

“Waambie hivyo hivyo.”

Basi Zubeda akaozwa na ami yake. Kijiji kizima kilitoka kwenda kuangalia Abdulgani akivuka kizingiti kile, wengine hawakuwa hata wamealikwa. Mwenye khutba aliacha aliyoyaandaa akahubiri juu ya ndugu wanaosameheana, wanawake walilia wakapiga vigelegele, na jina la Hasanmiya likatajwa kama la walii wa Mungu. Yeye alikuwa kwenye simu ya Mzee Harlan, aliyerudi na mashua siku ile, amekaa juu ya rundo la kamba, akisikiliza mlio wa sahani za karamu.

Baadaye wakampa Zubeda simu.

“Baba, mbona hukusema hata neno? Kadhi alikuita mara mbili.”

Akamwambia mtandao wa huku ni mbovu, sauti haikupita.

“Lakini tulikusikia unakohoa,” Zubeda akasema.

Hasanmiya akaanza kumwombea dua, akaishia katikati. Akamwambia aende, mumewe anamngoja, chakula kitapoa. Mzee Harlan akampa mkono kumpongeza. Mashua ilipoondoka, Kayetan alimletea chai, akakaa kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakutania kitu. Chai ikapoa kati yao, daraja likiwa juu yao.