Sinema Juu ya Sanda ya Bibi

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na usinicheke kukuita mwanangu: nimekuzidi madarasa mawili, na hapa shuleni huo ni uzee kamili, ndevu tu ndizo zimechelewa.

Kaka Athumani, mtoto wa mjomba, alikuwa amerudi Bagamoyo na kamera mbili, moja ya picha za kawaida, moja ya sinema. Alizunguka mji akipiga picha hata mbuzi. Mjomba akachoka.

"Ijumaa utuoneshe hiyo kazi yako. Bibi yako asiporidhika, Jumamosi jembe, shamba la Zinga, mihogo!"

Na jembe, mwanangu, Athumani alilijua kwa kulipiga picha tu.

Ijumaa baada ya alasiri tukafunga madirisha ya sebule, watu wakajaa. Kumbe ukuta mweusi kwa masizi, na shuka zote za nyumba zina maua! Haraka haraka haina baraka: Athumani akachomoka, akarudi na kitambaa cha bafta, nyeupe pee, akaitundika. Ikanukia kafuri. Hapo nikajua. Ilikuwa sanda ya Bibi, aliyojinunulia mwenyewe akaiweka sandukuni kungoja siku yake.

"Kaka, hiyo si ya..."

"Nyamaza wewe. Zima taa."

Bibi akaingia, akaketi mbele. Picha ikaanza: Bibi anakuna nazi, kuku anadokoa, Bibi anamrushia kata, kisha anacheka mapengo yote nje. Watu hoi! Bibi mwenyewe akainuka, akaenda kushika pindo la kitambaa, akalinusa. Kicheko kikakatika.

"Athumani."

"Naam, Bibi."

"Uliniomba?"

"Sikukuomba. Niwie radhi, Bibi."

Bibi akasimama pale mbele ya kitambaa, sura yake ya kwenye sinema ikimchezea mgongoni.

"Siku nitakayoivaa hii," akasema Bibi, "sitajiona. Haya, nirudishie pale pa kuku."

Tukarudia pa kuku mpaka mashine ya kuoneshea sinema ikachemka. Jembe halikutajwa tena, ila kesho yake Athumani aliifua ile bafta na kuipiga pasi, Bibi amemsimamia.

Basi mwanangu, ukishika kamera, omba kwanza, iwe kitambaa au sura ya mtu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nami mzee wako naongeza, isiyoombwa huyafunua kabisa. Na picha ya mtu mwoneshe mwenyewe angali anaweza kujicheka.

Mungu akupe jicho la kuona, ulimi wa kuomba, na radhi za bibi yako akiwa hai. Amin.