Namba ya Wimbo wa Tatu

Kwaya yetu ya akina mama wa Adungosi imeimba kwenye mazishi miaka mingi, na hakuna marehemu aliyewahi kutuuliza namba. Lakini tulipotaka nyimbo zetu nane zisikike kwenye simu za watu, tukaambiwa wimbo bila namba hauendi popote.

Aliyetuambia ni fundi wa studio pale Burumba, mwanamume wa makamo ambaye zamani alikuwa akijaza karatasi za malori mpakani Malaba. Malori ameyaacha, mdomo wa forodha hajauacha.

"Mama, kila wimbo una namba yake, herufi na tarakimu kumi na mbili. Halafu albamu nzima ina yake, ile ya mistari myeusi kama ya kwenye sabuni. Wimbo ukipigwa hata Japani, namba inasema ni nani aliyeimba."

"Na huko Japani nani analia msiba kwa Kiteso?" nikamuuliza.

Mwenyekiti wetu akauliza kama nyimbo zote nane haziwezi kutumia namba moja. Namba zenyewe zilikuwa za bure, lakini yule amezoea kuvusha wanawake wanane mpakani kwa pasi ya mtu mmoja.

Kisha fundi akataka jina la aliyeongoza kila wimbo. Mwenyekiti akajitaja mara mbili, hata kwa wimbo ambao ulipokuwa ukirekodiwa yeye alikuwa nje akitafuna njugu. Tukafika wa tatu. Huo aliongoza mke mwenzangu. Alirekodi, akaugua, tukamzika kabla ya mvua. Tuliishi boma moja miaka thelathini na kitu, na nilimsemesha pale tu ilipobidi, kama ng'ombe wameingia kwenye mahindi.

"Andika mimi," nikamwambia fundi. "Tangu afe, kanisani naongoza mimi."

"Hapana, mama. Namba hii ni ya sauti hii iliyorekodiwa. Kama unataka, imba upya, hiyo yako nitaipa namba yake."

Nikaimba. Akatupigia zote mbili. Yangu ilikuwa imenyooka, kama polisi akisoma mashtaka. Ikaingia yake, na mwenyekiti akaacha kutafuna. Hakuna aliyenitazama. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwaambia watu yule ana sauti ya mbuzi aliyefungwa juani.

Mwenyekiti akaninong'oneza, "Dada, marehemu hana simu. Weka jina lako. Nani atajua?"

Mimi ningejua, na kwa umri wangu nimeshajua mambo ya kunitosha.

"Futa yangu," nikamwambia fundi. "Ya tatu mwandike yeye."

"Sawa. Majina yote matatu, mama, kama kwenye kitambulisho."

La kwanza nikamtajia. Mengine sikuwahi kuyauliza; kwangu alikuwa "yule", na siku nikiwa na adabu, "mama wa pale".

Mwenyekiti akacheka mpaka njugu zikamtoka. "Miaka thelathini unagombana na mtu, hata jina lake hujui?"

"Kugombana hakuhitaji kitambulisho," nikamwambia.

Nikapanda bodaboda hadi nyumbani. Msalaba wake uko nyuma ya zizi. Kila asubuhi napita hapo na ndoo ya maziwa, na sikuwahi kusimama. Siku hiyo nikasimama. Shule yangu iliishia darasa la pili, kwa hiyo nilisoma kwa kidole, herufi moja moja, nikinakili kwenye karatasi ya unga. Kuku wake, ambao sasa ni wangu, wakawa wananitazama. Jina la mwisho ni refu; nililitamka mara tatu kabla halijakaa mdomoni. Akiwa hai sikuwahi kukaa naye muda wote huo.

Kesho yake nikampelekea fundi. Akaandika, akanigeuzia kompyuta nione: ile namba, na kando yake majina matatu. Nikayapitia kwa kidole kama nilivyoyapitia msalabani. Alikuwa ameruka herufi moja.

Nikamwambia airudishe, na sikuondoka hadi nilipoiona.