Asubuhi Badawi Alipokosa Adabu

Kaka yangu Badawi ni fundi wa kushona kanzu, na mshono wake sipingi. Lakini ana maradhi ya salamu. Siku moja mwizi alimnyakulia mkasi, Badawi akamkimbiza mpaka mtaa wa Kibokoni, akamfikia, akamwambia, "Sabalkheri, ndugu yangu, hujambo?" Mwizi akaitika vizuri, akaenda zake na mkasi. Mimi Mahfudha, dada yake, nimeota mvi kwa adabu ya mtu huyu.

Mwaka wa tisini na saba, mvua zile za El Nino, ilipiga dhoruba usiku mmoja hata mabati ya jirani yakahamia kwetu. Nilipiga kelele mpaka alfajiri: ndoo hapa, sufuria pale, inua godoro! Kulipokucha sauti imenikauka, nikifungua mdomo inatoka pumzi tu. Badawi akasema alhamdulillahi, akidhani sikusikia.

Nikachungulia dirisha la juu. Kwenye kona ya kuingilia kichochoro chetu pamejaa maji, na ndani ya maji umelala waya wa stima uliokatika kwenye nguzo. Panya mkubwa keshakufa kando yake, miguu juu. Nikamvuta Badawi aone.

Kombe, mwenye duka jirani, aliwapigia simu watu wa stima. Wakamwambia wanakuja, lakini barabara zimejaa maji. Mpaka wafike, mtu akae mbali na waya hatua ishirini, wala asijitie ushujaa wa kuusukuma waya kwa mti, maana mti uliorowa nao unapitisha stima. Kombe akaenda kuwazuia watu wa upande wa ndani. Wanaotoka barabarani tukaachiwa sisi, pale dirishani.

Wa kwanza alikuwa muuza maziwa na baiskeli yake.

"Asalaam alaykum, ndugu yangu!" akaita Badawi. "Umeamkaje na mvua hii? Wazee hawajambo?"

Mtu akaitika, akasogea apate kusikia.

"Na mama, goti lake?"

Akasogea tena. Nikamfinya Badawi mpaka akaruka.

"Basi samahani sana, kama hutaona vibaya, hapo mbele yako pana waya..."

Gurudumu lilikuwa hatua tano tu na maji. Muuza maziwa aliigeuza ile baiskeli, debe likamwagika, akatoweka.

Nikamwonyesha Badawi kwa mikono: fukuza watu! Paza sauti!

"Siwezi kumfokea mtu sijamwamkia," akasema. "Na leo Bi Mwanakheri analeta jibu. Akisikia nafokea watu?"

Hapo ndipo penyewe. Tulikuwa tumepeleka posa kwa Bi Mwanakheri, tukimtaka binti yake Swabra, na miezi mitatu Badawi hali, halali. Jibu lilikuwa la Ijumaa ile. Na Bi Mwanakheri hazuiliwi na mvua, wala na kitu chochote.

Basi huyo anakuja! Buibui kalipandisha, viatu kavishika mkononi, miguu mitupu, anakanyaga madimbwi kama bata. Alipotuona akaunyoosha mkono tangu mbali, yaani Badawi ashuke aubusu.

"Shikamoo, mama!" akaita Badawi.

"Marahaba. Shuka uniamkie."

"Mama, nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo." Zimebaki hatua kumi.

"Na Swabra?"

"Mzima." Hatua saba. Nikafungua mdomo nipige ukelele, wapi! Nikaanza kulia. Wallahi niliogopa siku ile, nilimwona mama wa watu amekwisha kufa.

Badawi akanitazama. Akamtazama yeye. Kisha likatoka jambo ambalo sijalisikia tangu nizaliwe.

"Weee! Simama hapo hapo! Una kichaa? Rudi nyuma we bibi! Waya huo, huoni? Unataka ufe miguu juu kama panya yule? Toka! Toka, nimesema!"

Madirisha ya mtaa mzima yakafunguka. Bi Mwanakheri alisimama mguu mmoja hewani. Akamwona panya. Akarudi nyuma taratibu mpaka barabarani, akakaa kwenye baraza ya watu.

Karibu na adhuhuri akafika Musyoka, fundi wa stima, kwa miguu kutoka Buxton, gari lao limekwama. Alikata stima, akapima, akauondoa waya, akasema piteni. Badawi wakati huo yuko chini ya kitanda.

"Nimeharibu, Mahfudha. Swabra basi tena."

Nilimtoa kwa kumvuta kanzu, nikamshusha ngazi. Bi Mwanakheri alikuwa mlangoni, bado miguu mitupu.

"Nilikuja kukataa," akasema. "Swabra analia siku tatu, anakutaka, mimi sitaki. Nilisema huyu ni mpole mno, siku mwanangu akifikwa na shari atamtetea na nini?" Akanyoosha mkono. Badawi akaubusu. "Haya, nambie. Harusi lini?"

"Kwanza, mama, nakuomba radhi, na hao wa nyumbani..."

"Badawi! Lini?"

"Mfungo mosi, Idi ikipita!" Badawi akapiga ukelele, kunguru wakaruka.

"Usinifokee," akasema Bi Mwanakheri, lakini mkono wake akauacha mkononi mwa Badawi.